Kutembea Nyuma ya Lori la Taka

Mama mkwe wangu si mtu wa kunyamaza. Nzi akitua mezani kwake ataulizwa katoka wapi na nani kamwalika. Wateja wanaokuja kula wali wa nyama pale mlangoni anawasema viatu vyao, ndoa zao, hata namna wanavyoshika bakuli. Kwa hiyo wiki ile aliponyamaza, mimi sikuona raha hata kidogo. Nilijua kuna jambo, na jambo lenyewe ni mimi.

Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mume wangu Mingte anafanya kazi kiwanda cha chipu za kompyuta huko kaskazini, anarudi Jumamosi, anaondoka Jumapili na nguo zake zimepigwa pasi. Siku zilizobaki ni mimi na mama yake katika ghorofa tatu nyembamba, kwenye uchochoro wa nyuma ya hekalu, na tumbo langu la miezi saba katikati yetu. Mama mkwe alikuwa akililinda tumbo hilo usiku na mchana. Nasema tumbo, si mimi. Mimi nilikuwa mfuko wa kulibebea.

Nisimwonee, sababu alikuwa nayo. Wa kwanza tulimpoteza. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja azaliwe, akaacha kucheza, tukakimbilia hospitali, ikawa basi. Na uchochoro mzima unajua kilichomuua: kabati. Mama mkwe ana kijitabu chekundu cha kalenda kilichotundikwa kwa uzi jikoni, na humo imeandikwa kila siku roho anayelinda mimba yuko wapi, leo mlangoni, kesho jikoni, keshokutwa kitandani. Ukipigilia msumari mahali alipo, au ukihamisha kitu, umemjeruhi, na mtoto tumboni anajeruhiwa naye. Mimi nilisogeza kabati la chumbani kidogo tu, kiasi cha kupenyeza mkono niokote hereni. Tuliporudi kutoka hospitali mama mkwe akafunua kijitabu, akasoma, akakifunga. Siku ile ya hereni mlinzi alikuwa chumbani. Tangu hapo uchochoroni mimi ni mke wa kabati.

Ukweli tulikuwa nao mimi na Mingte, nao ulikuwa umelala kitandani pamoja nasi miaka miwili. Daktari alituita chumbani kwake, mama mkwe akiwa nje kwenye kiti, akatuambia sukari yangu ilikuwa juu mno na hakuna aliyeiona. Hakuapa kwamba ndiyo iliyomuua mtoto, lakini hakutaja kitu kingine. Ingeonwa vipi? Mimba ilipofika mwezi wa tatu nilitokwa na tone la damu, na mama mkwe akanilaza. Si siku mbili. Alinilaza mpaka mwisho, chakula kitandani, kuoga kwa kushikwa mkono, supu tamu ya tende nyekundu asubuhi na jioni. Siku ya kwenda kupimwa sukari alisema jua ni kali na sipaswi kukanyaga ngazi, na mimi, mkamwana mtiifu, nikajifunika shuka.

Mingte alinishika mikono koridoni akaniomba mama yake asijue. Baba yake aliondoka na kisukari hichohicho, kwanza kidole, halafu mguu, halafu mtu mzima, na mama yake ndiye aliyemuuguza. Akisikia kwamba na mjukuu ni sukari, na supu ni ya mkono wake, atakufa na yeye. Nikakubali. Siku ile ungeniomba nikubali kwamba mimi ndiye mwezi, ningekubali. Sikujua kwamba nimekubali kuwa mke wa kabati.

Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, nimeambiwa. Lakini mimi sikuwa naficha maradhi yangu, nilikuwa naficha makosa ya mtu mwingine, na hilo hakuna methali yake.

Sasa mimba ya pili, na kisukari kimerudi. Safari hii nilipimwa mapema, nilikwenda mwenyewe nikadanganya kwamba naenda kwa fundi wa nywele. Muuguzi alinipa kidude cha kutoboa kidole na kupimia sukari, na vikaratasi vyake vya kudondoshea damu, na maelekezo: wali kiasi hiki, mboga kiasi kile, vitamu hapana, na kila baada ya chakula nisikae. Nitembee. Nitembee kwa mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Miguu, alisema, ndiyo itakayoila ile sukari kabla haijamfikia mtoto. Ikishindikana ni sindano za insulini, na sindano zikishindikana... hapo muuguzi akaanza kupanga karatasi zake. Hakumaliza. Nilimalizia mwenyewe nyumbani, chooni, bomba likiwa wazi ili nisisikike nikilia.

Haya, nitembee wapi? Kwenye nyumba ile ambayo nikiinuka kuchukua chumvi naulizwa nakwenda wapi na mguu gani? Asubuhi na mchana nilikuwa na paa. Mama mkwe akiwa anahudumia wateja chini, mimi nilipanda juu na beseni kuanika nguo. Nilifua mpaka nguo safi. Nilizunguka kati ya kamba na matangi ya maji kama mtu aliyepoteza kitu, nikishika ukingo, tumbo mbele, nikihesabu vijana wa jirani wanaonichungulia.

Jioni nilikuwa na taka, kazi aliyonikubalia kwa shingo upande. Lori la taka la kwetu halimngoji mtu. Linakuja na muziki wake wa piano, watu wanatoka na mifuko na ndoo zao za mabaki, wanarusha, linaondoka. Ukilikosa unalikimbilia kituo cha pili, na ukilikosa huko unalala na taka zako. Nikajifanya mzito. Nilikuwa nasubiri lianze kuondoka ndipo nashuka na mfuko wangu, kisha nalifuata. Linasimama kwa fundi baiskeli, mimi napita. Linasimama kwenye duka la tofu, mimi napita, mfuko mkononi, watu wananitazama kama mwendawazimu. Mwisho kabisa, karibu na shule ya msingi, ndipo narusha mfuko wangu na kurudi kwa njia ya mzunguko. Nikifika nyumbani nimelowa jasho na kipimo kimeshuka. Mama mkwe alikuwa anasema mwanamke mzima anashindwaje na lori, na mimi nilikuwa naomba samahani. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kabisa, mpaka aliponyamaza.

Kwanza ilikuwa viatu. Viatu vyangu vya kutembelea navificha nyuma ya mfuko wa mchele. Jumatano nikavikuta palepale, lakini soli zimeoshwa. Nani ameosha soli? Panya? Mtu amevitoa, ameona vumbi la njia nzima, ameliosha, amevirudisha, na hakusema neno. Mama mkwe huyuhuyu ambaye akiona kijiko kimelala upande usio wake analalamika mpaka jioni.

Halafu kile kidude changu cha kupimia. Nakiweka ndani ya boksi la buti za baridi, kimefungwa kwenye soksi. Nilikikuta kwenye soksi ileile, ila fundo si langu. Mimi nafunga mara moja. Hili lilikuwa limefungwa mara mbili, kwa nguvu, kama anavyofunga yeye mifuko ya wali.

Nikampigia Mingte, nikamuuliza moja kwa moja kama amemwambia mama yake. Akasema hapana. Akasema hapana haraka mno, kwa sauti laini ile anayoitumia akivunja kitu, kisha akaniuliza kama nimekula. Mume wangu namjua. Uongo wake hauna miguu, haufiki hata mlangoni. Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikakaa nimeishika. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimevaa nguo mbili.

Kisha sufuria zikawa mbili. Hapo niliogopa kwa kweli. Miaka yote nyumba ile ina sufuria moja, ile kubwa nyeusi ya nyama, ya wateja na ya kwetu hiyohiyo, mchuzi wa soya na sukari ya mawe vinatokota tangu alfajiri. Sasa ikatokea ndogo, ya bati, yenye kifuniko, imekaa jiko la nyuma peke yake. Niliposogea kuichungulia mama mkwe alisimama katikati. Hakusema toka. Alisimama tu, mwiko mkononi, akanitazama tumboni.

Chakula kilichotoka humo hakikuwa na ladha ninayoijua. Nyama ilikuwa na uchungu kwa mbali, mchuzi mwepesi, umejaa majani na vipande vya karela. Supu ya tende ilitoweka, ikaja ya samaki mwatiko na tangawizi nyingi. Na alikuwa anakaa mbele yangu ninapokula. Anatazama kila tonge linavyoingia. Nikimaliza anachukua bakuli, analinusa, anaondoka.

Nikamuuliza A-Hong, jirani anayeuza matunda upande wa pili, kama mama mkwe anaumwa. A-Hong ni mtu wa kuulizwa kwa tahadhari, maana ukimpa neno moja anakurudishia familia nzima. Akainamisha kichwa juu ya mapapai yake akaniambia kwamba juzi amemwona duka la dawa za mizizi, ameketi na mzee wa duka mpaka chai imepoa, wanaongea wamegusanisha vichwa. Akasema bila shaka ni dawa ya kutuliza mimba, ile inayomfanya mwanamke awe mzito, alale, asizurure. Akanitazama viatu. Akasema, "Na wewe kweli, mwenzangu, unazurura."

Basi nikaelewa. Ameona soli. Amejua natembea. Kunifungia mlango hawezi kwa sababu Mingte atauliza, kwa hiyo ananitilia dawa nilale mwenyewe. Na ukweli ni kwamba nilikuwa nachoka siku zile, kope zinashuka mchana. Ni mimba ya miezi saba, ungesema, ni joto. Mimi sikusema hivyo. Mimi nilisema ni sufuria ndogo.

Nikaanza kumwaga. Nilikuwa natafuna, nasubiri apeleke bakuli la mteja, natema kwenye karatasi, nazika kwenye ndoo ya mabaki chini ya maganda. Nilikula mayai ya kuchemsha ya dukani, nimesimama nyuma ya hekalu kama mwizi. Na jioni nilizidi kutembea, kwa hasira sasa, nikigeuka kila kona, maana nyuma yangu nilianza kumwona mtu. Safari ya kwanza ilikuwa kofia tu, nyuma ya skuta zilizoegeshwa. Safari ya pili nilimwona yote, mfupi, mikono nyuma, anajifanya anasoma bei za soksi kwenye duka lililokwisha fungwa. Mama mkwe wangu, mwenye magoti mabovu, ambaye hajatembea kwa hiari yake tangu amzike mumewe.

Kliniki ya wiki ile muuguzi aliangalia vipimo vyangu akafurahi. Vimeshuka vyote, hata vya asubuhi ambavyo vilikuwa vinanitesa. Akasifu miguu yangu. Nami nikaisifu, nikarudi nyumbani na kiburi, nikijua jambo moja tu: yeyote atakayeizuia miguu hii anataka kuniulia na huyu.

Siku iliyofuata mchana alinikamata. Wateja walikuwa wachache, akafunga mlango nusu, akavuta kiti, akakaa mpaka nikamaliza bakuli lote la kutoka sufuria ndogo. Sikupata hata sekunde ya kutema. Nikapanda juu, nikazunguka kidogo kwenye paa, nikashuka kulala ubavu wa kushoto. Na mtoto hakucheza.

Nikasubiri. Huwa anacheza sana baada ya chakula, anapiga teke mbavuni mpaka nashika ukuta. Nikanywa maji ya baridi. Nikajigonga tumbo kwa vidole. Nikamwambia, mtoto wangu, mama yuko hapa, piga kidogo tu, piga hata mara moja. Kimya. Mimi kimya hicho nakijua, nilikwishakaa nacho kwenye kitanda hikihiki. Nilikuwa nimeshavaa, nimeshika mkoba wa hospitali, mkono kwenye kitasa, ndipo mtoto alipogeuka. Aligeuka polepole kama mtu aliyeamshwa, kisha akapiga teke, na lingine. Nikakaa sakafuni. Nililia kwa woga, na woga ulipokwisha nikabaki na hasira, na hasira ile ilikuwa na jina na ilikuwa jikoni inakata vitunguu.

Jioni muziki wa lori ukasikika. Nikachukua mfuko. Mama mkwe akachukua ndoo ya mabaki, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akanisemesha bila kuulizwa: "Leo tunakwenda wote."

Tukatoka. Watu walikuwa wamejaa kwenye uchochoro na mifuko yao, A-Hong mbele kabisa na maganda yake ya nanasi. Aliponiona akatabasamu, akamwambia mama mkwe wangu kwa sauti ya kusikika mpaka hekaluni, "Mama Mingte, shoga yangu, mkamwana wako unamwachia abebe mizigo na kuzurura jioni? Haya. Kabati halijamfunza kitu."

Watu walicheka kidogo, kile kicheko cha kumsukuma mtu. Na mimi miaka miwili nilikuwa nakimeza. Nilifungua mdomo nimjibu A-Hong, lakini maneno yaliyotoka yalimwendea mwingine.

"Mama," nikasema, "unatia nini kwenye chakula changu?"

Kicheko kikaisha. Mama mkwe aliweka ndoo chini. Nikaendelea, sikuweza kuacha. Nikamwambia nimeiona sufuria. Nimejua alikwenda kwa mzee wa mizizi. Ananifuata kama mwizi, na leo mtoto amelala tumboni mchana kutwa nikadhani amekufa. Nikamwambia akitaka nilale, basi anifunge kamba nijue moja. Sauti yangu ilikuwa inapasuka na sikujali. Waliokuwa wanasubiri lori walikuwa wanasikiliza kwa macho.

"Mtoto hakucheza?" akauliza.

"Amecheza sasa. Unatia nini?"

"Sijatia kitu. Nimetoa."

"Umetoa nini?"

"Sukari."

Nyie hamjui mji wetu. Sukari tunatia kwenye nyama, kwenye mayai, kwenye mchuzi wa maharage, na ukituuliza tutaapa kwamba hatujatia, maana kwetu ile si utamu, ni chumvi nyingine. Mwanamke aliyepika wali wa nyama miaka yote kwenye mlango ule kusema amepika bila sukari, mbele za watu, ni kama fundi cherehani aseme ameshona bila uzi.

Mama mkwe hakupandisha sauti. Ilibidi watu wasogee wamsikie. Akaniambia kwamba vile vikaratasi vya kupimia, ninavyovifunga kwenye karatasi laini na kuvisokomeza ndani ya boksi la maziwa, ameviona, maana yeye ndiye anayetenganisha taka za nyumba ile. Boksi linakwenda kwake, linaoshwa, linakunjwa. Vikaratasi hivyo alimpimia navyo baba yake Mingte mpaka siku ya mwisho, angevijua hata gizani. Akampigia Mingte kiwandani. Hakumuuliza mengi. Alimuuliza moja, kama na wa kwanza alikuwa hivihivi, na Mingte akalia kwenye simu. Akamkataza asiniambie.

Kwa mzee wa mizizi alikwenda kuuliza mtu mwenye sukari na mimba ale nini, na mzee akamcheka kwamba muuza wali wa nyama leo anauliza chakula kisicho kitamu. Sufuria ya kwanza alimwaga. Ya pili alimwaga. Ya tatu ndiyo niliyopewa, akijua ni mbaya, akinitazama kama nitakula, akinusa bakuli kujua nimebakiza nini. Na viatu aliviosha kwa sababu soli ilikuwa na matope ya mtaro, na mwanamke mjamzito akiteleza ataanguka.

Nilisimama na mfuko wangu wa taka. Miaka miwili nilimficha jambo asife, na alikuwa ameshalijua tangu aliponyamaza, na alikuwa hajafa, alikuwa anakata karela.

Lori likafika, muziki juu. Hakuna aliyerusha. Kijana wa nyuma ya lori akapiga ubao akiuliza kama leo tunakaa na taka zetu. A-Hong, ambaye hawezi kuacha neno lipite bila kulishika mkia, akasema taratibu kwamba kama ni ugonjwa basi ndiyo zaidi, angepumzika, kwa nini anazurura, asije akamwangusha na huyu kama yule wa kwanza.

Mama mkwe alimgeukia. Nilimwona akishika kingo za aproni yake kwa mikono miwili.

"Yule wa kwanza alifia kitandani, A-Hong," akasema. "Kitanda nilimtandikia mimi. Supu nilimpelekea mimi. Siku ya kupimwa nilimzuia mimi. Kwa hiyo usimtajie tena kabati. Mwenye neno la kusema aje mlangoni kwangu, nipo tangu alfajiri."

Mtu mmoja akarusha mfuko, wengine wakafuata, haraka haraka, bila kutazamana. A-Hong alimwaga maganda yake ya nanasi kwenye pipa lisilo lake. Lori likavuta, muziki ukaanza kupungua kuelekea kwa fundi baiskeli. Mama mkwe akaniambia bila kunitazama, "Nenda. Umekula sasa hivi. Nenda kabla haijapanda."

Nikaenda. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo. Nilitembea mwendo wa mtu anayeweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, ingawa siku ile sikuweza hata kuzungumza, nilikuwa nafuta pua kwa mkono wa blauzi. Mtoto alikuwa anacheza. Nilipofika kona nikageuka. Uchochoro ulikuwa umebaki mtupu, watu wamejifungia. Yeye alikuwa amesimama palepale na ndoo yake miguuni, imejaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa amelikosa lori, tena likiwa limesimama mbele yake.

Nikarudi. Nilipomkaribia akajipangusa macho kwa aproni, haraka, ili nisione. Nikamuuliza, kwa nini hakuniambia. Siku zote hizi, kwa nini hakusema.

"Wewe ulinyamaza miaka miwili kwa ajili yangu," akasema. "Mimi nikasema nijaribu. Nimeshindwa hata wiki mbili."

Nikainama nichukue mshikio wa ndoo, akanipiga mkono, akainyanyua mwenyewe. Nikamwambia lori litasimama tena karibu na shule. Tukienda haraka tutaliwahi. Akaangalia magoti yake, akaangalia njia.

"Ni mbali?"

"Ndiyo, Mama. Ni mbali."

"Haya," akasema, akatangulia.